Kabla ya Kupiga Windows

Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Mpwapwa kwa kufuata bonde la Mto Mkondoa, na tarehe 22 yakaingia Kilosa. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, sehemu yao wakishika njia ya kusini kupitia Mikumi na Kidodi kuelekea Mahenge. Nyuma yao waliiacha Reli ya Kati ikiwa vipande vipande. Reli waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914 waliilipua wenyewe, daraja baada ya daraja. Waliowafuata hawakungoja madaraja ya chuma yarudi. Walifunga magurudumu ya reli kwenye malori madogo ya Reo na Hupmobile, mizigo ikaanza kusogea.

Karatasi hazikulipuliwa. Serikali ya koloni ilihamisha masijala yake kutoka pwani kwenda bara kadiri vita vilivyosogea, na sehemu ya mafaili hayo ikafukiwa ardhini Tabora. Baada ya vita yakafukuliwa. Leo yamo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na mwanahistoria anayetaka kujua mashamba ya katani ya Kilosa yaligawiwaje enzi hizo bado anayategemea. Daraja lililipuliwa kwa sababu lingine lingejengwa. Faili lilifukiwa kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuliandika upya.

Hesabu hiyohiyo inapigwa kila siku kwenye steshenari za Kilosa mjini na kwenye vibanda vya mafundi pembeni mwa barabara ya Tunduma pale Mikumi, ingawa hapo daraja ni Windows na faili ni matokeo ya kidato cha pili. Mafundi wanaoijua hawakuipata kwa urahisi. Imechukua miaka mingi, na katika miaka hiyo kazi nyingi za watu zimefutwa.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Zama zile mashine ilikula kadi zenye matundu na kanda za sumaku. Maelekezo ya kazi yalikuwa na kadi zake, na hesabu za mishahara zilikuwa na kadi zake, kabatini. Mashine ikigoma, kadi za mishahara hazikuguswa. Ugomvi wa serikali na mashine zile ulikuwa mwingine: hesabu za wizara zilivurugika kiasi cha kuilazimu irudie mashine za zamani za uhasibu, na mwaka 1974, wakati nchi nzima ikiwa na kompyuta zipatazo saba, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku ile ililegea polepole katika miaka ya 1980, na hadi kuingia miaka ya 1990 bado uingizaji ulikuwa na masharti.

Watu wengi husimulia marufuku ile kama kichekesho. Mimi naona ilikuwa na athari moja ambayo haitajwi. Katika miaka tuliyokosa kompyuta, kompyuta yenyewe ilibadilika umbo. Mashine ndogo za mwanzo wa miaka ya 1980 zilitumia disketi: unachomeka disketi ya mfumo, mashine inawaka, unachomeka disketi ya kazi yako. Mwaka 1983 IBM ikatoa PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10 ndani ya boksi. Kuanzia hapo mfumo endeshi na barua za mwenye mashine vikalala chumba kimoja. Nchi zilizopita hatua zote zilikuwa na watu waliozoea kutenganisha disketi mbili. Wengi wetu tuliingia moja kwa moja kwenye chumba kimoja, bila kujua kwamba kiliwahi kuwa viwili.

Kilosa na Mikumi zilichelewa zaidi ya Dar. Kilosa ni mji wa ofisi tangu Mjerumani: boma, mahakama, stesheni, na hapo jirani kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga pamoja na chuo cha ualimu. Mikumi ilikua baadaye, tawi la reli kutoka Kilosa lilipofika hapo na kuendelea Kidatu katika miaka ya 1960, hifadhi ikatangazwa 1964, kisha ikaja lami ya barabara ya Zambia. Miji yote miwili ilikuwa na kazi nyingi za kuchapa, na kwa muda mrefu kazi hizo zilifanywa na taipureta. Kompyuta zilipoanza kuonekana, nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika kwingine, na Windows 98 au XP ya kunakiliwa ikiwa imeshapigwa juu yake.

Kwenye Windows 98 kila kitu kilikaa C. Katibu muhtasi alihifadhi barua palepale programu ya kuandikia ilipomfungulia, na hakuwa na sababu ya kujua ni wapi. Umeme ulipokatika katikati ya kazi, mashine iliwaka ikiwa na skrini ya bluu ya Scandisk ikitambaa asilimia moja baada ya nyingine, na mwisho ikaacha mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK. Hayo yalikuwa vipande vya kazi vilivyopoteza anwani. Wengi waliyafuta wakidhani ni takataka.

Na umeme ulikatika kwelikweli. Bwawa la Kidatu, mwendo mfupi kusini mwa Mikumi, lilianza kuzalisha mwaka 1975 na uwezo wake ulipokamilika ukafika megawati 204. Kwa miaka mingi lilikuwa uti wa mgongo wa gridi ya taifa. Maji ya Mtera, bwawa la juu linalolilisha Kidatu, yaliposhuka katika ukame wa 2006, nchi nzima iliingia kwenye mgao, na tena 2011. Mtu wa Mikumi angeweza kwenda kuliona bwawa asubuhi na jioni akala chakula kwa kibatari. Kwa mashine zenye XP mgao ulikuwa na ugonjwa wake maalumu. XP ilikuwa ikiandika mara kwa mara kwenye rejista yake, mafaili yanayokaa ndani ya folda la system32, kwenye folda dogo liitwalo config. Umeme ukikatika sekunde hiyo, asubuhi yake skrini nyeusi inakuambia faili la SYSTEM halipo au limeharibika. Mwenye mashine akisoma hivyo anaamini kila kitu kimekwenda, kumbe kilichoharibika ni faili moja, na nakala yake ya akiba ilikuwa kwenye folda la WINDOWS lenye jina la repair. Barua, picha na mahesabu vyote vilikuwa salama, havijaguswa.

Dawa iliyoenea ilikuwa kupiga Windows upya, na hapa ndipo kazi nyingi za watu zilipoangamia. CD ya XP ilikuwa na njia ya kukarabati bila kufuta, ila ilifichwa kwa namna ambayo hadi leo siwezi kuisamehe. Skrini ya kwanza inakupa herufi R ya ukarabati. Ukiibonyeza unaangukia kwenye dirisha jeusi la amri, na fundi mwanafunzi anatoka hapo mbio. R inayofaa ilikuwa ya pili: unabonyeza Enter kana kwamba unapiga Windows mpya, unakubali masharti kwa F8, CD inatafuta Windows ya zamani, ikiiona ndipo inakupa R nyingine. Hiyo iliandika upya mafaili ya mfumo na kuacha ya mtu kama yalivyo, pamoja na programu zake. Fundi asiyeijua aliruka hadi orodha ya diski, akabonyeza D, Enter, kisha L, na baada ya nukta chache sehemu ya C ikawa haipo. Vitufe vitatu. Baada ya hapo ilikuwa kusubiri fomati ifike asilimia mia na kumwambia mteja kwamba mashine sasa inakwenda kama mpya. Ni kweli ilikwenda.

Fundi mmoja mzoefu wa Kilosa alikuwa na kanuni ya kugawa diski. Mashine yoyote aliyoipiga Windows aliigawa C na D, akahamisha folda la nyaraka za mteja kwenda D, na akamwonyesha mara mbili jinsi ya kuhifadhi huko. Ilikuwa kazi ya robo saa ambayo hakuilipisha. Wateja wake waliporudi na XP iliyokufa, C ilifomatiwa bila wasiwasi na D haikuguswa. Bila kujua, alikuwa anarudisha disketi mbili za mwaka 1981. Kasoro ya mbinu hiyo ni kwamba watu waliendelea kuweka vitu kwenye uso wa mashine, yaani desktop, na uso wa mashine uko C.

Kati ya 2008 na 2011 tatizo likahamia kwenye flashi. Flashi moja ilizunguka kutoka shuleni hadi steshenari, kutoka steshenari hadi ofisi ya kata, na Windows ya zama zile iliendesha yenyewe faili la autorun mara tu flashi ilipochomekwa. Novemba 2008 Conficker ilianza kusambaa duniani, kwanza kwa mtandao na baadaye kwa flashi pia, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Oktoba. Mashine zisizo na intaneti hazikupata kiraka. Virusi vidogo vya mitaani vilikuwa na mchezo mwingine: vinaficha mafolda yako, vinaweka mahali pake programu zenye sura ya folda na jina lilelile. Unafungua flashi, unaona vijifaili vya ajabu, unalia. Watu walifomati flashi zenye kazi ya mwaka mzima kwa sababu hiyo, na kumbe mafolda yalikuwepo yamevikwa tu alama ya kufichwa. Amri moja, attrib yenye -h -s -r na mwisho wake /s /d, iliyarudisha yote. Niliwahi kuiona imeandikwa kwa kalamu ya rangi ukutani, juu ya mashine ya kudurufu, ili kijana wa zamu asisahau.

Desemba 2009, siku za Krismasi, Mkondoa ikavunja kingo zake. Maji yaliingia Kilosa, maelfu ya watu wakahamia kambini kwenye mahema, na njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa, treni za abiria zikakosa kupita kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye kompyuta, maji ni tofauti na mgao. Mgao unaharibu maandishi ndani ya diski na kuiacha diski yenyewe nzima. Maji yakiingia kwenye boksi, kinachokufa kwanza mara nyingi ni bodi za umeme, na diski iliyokuwa imezimwa ina nafasi nzuri ya kubaki na kila kitu. Kosa linalomaliza kazi ni kuianika mashine juani siku moja na kuiwasha jioni uone kama inafanya kazi. Ndani ya diski za kizamani kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa vumbi, na diski hizo zina tundu dogo la hewa ambalo maji ya mto hupitia yakiwa na matope. Ukiiwasha ikiwa na tope, kichwa kinaikwangua sahani, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha, awe wa Kilosa au wa Dar.

Kuanzia mwaka 2000 zilikuja dawa mbili ambazo ndizo mafundi wa sasa wamelelewa nazo. Ya kwanza ilitoka nje ya Microsoft. Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000, Linux nzima inayokaa kwenye CD na kuwaka bila kugusa diski ya mashine. Oktoba 2004 ikaja Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi 2011 kampuni yake ilituma CD bure kwa posta kwa aliyeziomba. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta inayozungumza Kiswahili. Waliotumia Linux kuandikia walikuwa wachache. Waliotumia CD yake kuopoa mafaili kutoka kwenye Windows iliyokufa walikuwa wengi zaidi, na hiyo kwangu ndiyo historia ya kweli ya Linux katika miji yetu midogo.

Dawa ya pili ilitoka kwa Microsoft wenyewe, polepole. Vista ya mwaka 2007 ilikusanya mali ya mtu kwenye folda moja la Users, na ukipiga Windows juu ya nyingine bila kufomati, ya zamani ilisukumwa kwenye folda la Windows.old ikiwa na kila kitu chake. Windows 8 ya 2012 ikaleta kitufe cha kuuburudisha mfumo huku mafaili yakibaki. Windows 10 ya Julai 2015 ikakiita wazi: weka upya mashine, tunza mafaili yangu. Programu zinaondoka, orodha yake inaachwa kwenye skrini. Miaka 32 baada ya PC XT, chumba kikawekwa ukuta katikati.

Hata hivyo fundi mzuri hakiamini kitufe hicho kabla ya kutoa nakala. Nilimwona mmoja Mikumi akiwa na mteja, mwalimu wa shule ya kata ya Ulaya, ile iliyo kati ya Kilosa na Mikumi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inazunguka tu, inasema inajitengeneza, haimalizi. Nimeambiwa niipige Windows."

"Ndani kuna nini?"

"Matokeo ya kidato cha pili. Na picha za harusi ya mdogo wangu."

"Kuna kopi nyingine popote?"

"Ingekuwepo ningekuja mbio hivi?"

Kijana akachomeka flashi ya Linux, akabonyeza F12, mashine ikawaka kwa sura ambayo mwalimu hakuijua. Diski ya Windows ilikubali kufunguliwa kwa kusoma tu, kwa sababu Windows haikuwa imezimika vizuri. Kijana hakuilazimisha, kwani kwa kunakili, kusoma kunatosha. Akaingia Users, akaingia kwenye jina la mwalimu. Nyaraka zilikuwa na vitu vichache. Uso wa mashine ulikuwa umejaa, na vilivyopakuliwa kutoka WhatsApp vilikuwa vingi kuliko vyote. Akanakili folda zima kwenye diski ya nje. Kisha akatazama nje ya Users: folda lililowekwa na mtu moja kwa moja kwenye C, na lile la Public. Alinieleza kwamba kwa wenye maduka hapo ndipo huwa anakuta data ya programu ya uhasibu ya Tally, ambayo wengi huisahau kwa sababu haina sura ya faili. Nakala ilipokwisha alifungua jedwali la matokeo akashuka hadi jina la mwisho la mwanafunzi, akafungua picha mbili, akamgeuzia mwalimu skrini.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Ndipo akaanza kutengeneza. Alijaribu kwanza ukarabati wa kuwasha, kisha chkdsk, ambayo ilitaja sehemu mbovu za diski. Akaacha hapohapo. Diski inayokufa haikarabatiwi kwa programu, na kila dakika ya kuikagua inaisogeza kaburini. Akamshauri anunue diski mpya. Mwalimu aliuliza bei, akaguna, akakubali.

Waliochelewa kutoa nakala nao wana mlango, mwembamba. Kwenye diski za sahani, fomati ya haraka hufuta orodha tu, na programu kama Recuva au PhotoRec hupekua diski yenyewe na kuokota kilichobaki. PhotoRec haijui majina. Inakurudishia maelfu ya mafaili yaliyopewa namba, na mtu anakaa wiki nzima akifungua moja moja kutafuta barua moja. Kwenye diski mpya za SSD mlango huo mara nyingi umefungwa: Windows inapofomati huiambia diski nafasi zipi hazihitajiki, na diski huzisafisha yenyewe. Mashine zinazoingia sasa Mikumi zina kasi kubwa zaidi, na hazina huruma kwa anayekosea.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za mitumba hazina sifa za kupokea 11. Zinazoipokea zimeleta kisa kipya kwenye meza za mafundi. Diski zake mara nyingi hufungwa kwa usimbaji tangu siku ya kwanza mashine inapoingizwa akaunti ya Microsoft, kimyakimya. Windows ikianguka, flashi ya Linux inaiona diski lakini haioni kitu ndani. Skrini inadai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuianzishia mashine, na kwa laptopu nyingi za dukani akaunti hiyo ilifunguliwa na muuzaji kwa barua pepe yake, ili mteja aondoke haraka. Kwa hiyo kabla ya bisibisi wala flashi, fundi anauliza laptopu ilinunuliwa wapi, anatafuta risiti, anapiga simu Kariakoo. Muuzaji akiikumbuka akaunti na nywila yake, tarakimu zinasomwa kwa simu, sita sita, na diski inafunguka. Asipoikumbuka, mashine itapigwa Windows na mafaili yatapotea.